Unga wa matcha nyumbani: kuukoroga usifanye mabonge, kuuhifadhi, na kama unakubaliana na tui la nazi

BintMkoani (Mkoani, Pemba)

Assalaamu alaykum nyote. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa kutengeneza nyumbani vinywaji vya matcha, ule unga wa chai ya kijani wa Kijapani. Kaka yangu amerudi safari na ameniletea kopo dogo la gramu 30, na maelezo yote yaliyo juu yake ni ya Kijapani. Nimeutendea unga huo kama tunavyoitendea chai yetu ya kila siku: kijiko ndani ya kikombe, maji yaliyotoka jikoni yakichemka, kisha kukoroga. Kinachotokea ni mabonge madogo yanayoelea juu, na ukilibonyeza moja kwa kijiko linapasuka na ndani yake unga bado ni mkavu kabisa. Ladha ni chungu yenye ukakasi, na ile rangi ya kijani kibichi inayopendeza koponi huanza kufifia na kuelekea kwenye kahawia kabla kikombe hakijapoa.

Ningependa kuelezwa namna sahihi ya kuukoroga kwa vyombo vya nyumbani, kwa sababu kile kipigio cha mianzi ninachokiona katika picha hakipatikani hapa kwetu. Pia mama yangu hapatani na maziwa ya ng'ombe, hivyo nauliza kama tui la nazi linaweza kuchukua nafasi yake bila ya kuharibu kinywaji. Na kwa kuwa Masika yanakaribia, na hapa hata chumvi hulowa kabatini, ningependa kujua unga huu uwekwe wapi na kwa namna gani.

MpishiWaPaje

Wa alaykumu ssalaam, dada BintMkoani. Nimetengeneza vinywaji katika mikahawa ya pwani ya mashariki ya Unguja kwa miaka kadhaa, na matcha ni miongoni mwa vitu tunavyoagizwa sana na wageni, kwa hiyo nitakueleza kwa urefu.

La kwanza kulifahamu ni kwamba matcha haiyeyuki. Katika chai ya kawaida tunatoa ladha ya majani kwa maji ya moto kisha majani tunayatupa, ilhali matcha ni jani lenyewe lililosagwa mpaka chembe zake zikawa na ukubwa wa takriban sehemu moja ya mia ya milimita, na chembe hizo hubaki zimetawanyika ndani ya maji mpaka unywe au zitue chini. Unga mwembamba kiasi hicho hushikana wenyewe kwa wenyewe hata ukiwa ndani ya kopo. Ukiumiminia maji mengi kwa pamoja, maji hulowesha sehemu ya nje ya bonge na kulifunga, na ndani kukabaki kukavu, kama ulivyoona.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya maji. Chukua chujio la chai lenye matundu madogo, likiwa kavu, uchekeche kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa ndani ya bakuli pana kidogo; hicho ni takriban gramu 2, na ndicho kipimo cha mtu mmoja. Tia kwanza maji kiasi cha vijiko viwili vya chakula, ukoroge taratibu mpaka upate rojo laini linalong'aa na lisilo na punje hata moja. Ukiliinamisha bakuli, rojo hilo literemke kwa pamoja bila ya kuacha alama za unga mkavu pembeni. Hapo ndipo uongeze maji mengine, jumla yafikie mililita 60 au 70, na uanze kupiga kwa nguvu.

Maji yasiwe ya kuchemka. Kinachotakiwa ni nyuzi 70 hadi 80, kwa sababu moto mkali huzidisha uchungu na ukakasi na kuondoa ile ladha tamu tamu ya jani iliyo thamani ya matcha. Kwa asiye na kipimajoto, njia ninayoitegemea ni kuchanganya vipimo viwili vya maji yaliyochemka na kipimo kimoja cha maji ya kawaida yasiyopashwa moto. Maji yetu yaliyokaa ndani ya nyumba huwa na nyuzi 28 hivi, kwa hiyo mchanganyiko hutua karibu na nyuzi 76, na bakuli likiwa baridi huteremka kidogo zaidi.

Kuhusu kipigio, kile cha mianzi huitwa chasen, nacho huchongwa kutoka kipande kimoja cha mwanzi kilichochanwa kikawa na nyuzi nyingi nyembamba. Eneo la Takayama katika mkoa wa Nara, Japani, ndilo linalojulikana zaidi kwa kazi hiyo. Ni kizuri, lakini kwa hali ya hewa ya visiwani huota ukungu upesi kisipokaushwa vyema. Kipigio kidogo cha waya cha kupigia mayai kinatosha, na hata kile kidogo cha betri cha kutolea povu la maziwa. Mkono uende mbele na nyuma kwa haraka badala ya kuzungusha, kwani kuzungusha husogeza maji tu na hakuleti povu. Ukiona povu dogo dogo limefunika uso wote, umemaliza.

Kwa kinywaji cha baridi mambo ni mepesi zaidi, nami ndicho ninachokipendelea kwa joto letu. Tia gramu 2 zilizochekechwa katika chupa yenye kifuniko kinachobana, ongeza mililita 200 za maji baridi ya kunywa, funga na utikise kwa nguvu kwa nusu dakika, kisha mimina juu ya barafu. Maji baridi hayatoi uchungu mwingi wa jani, na hata unga wa daraja la kati hunyweka vizuri.

MwalimuFuoni

Mpishi ameeleza kwa ukamilifu namna ya kukoroga. Mimi ni mwalimu wa sayansi katika skuli ya sekondari, na ningependa kuzungumzia maji yenyewe na rangi, kwa kuwa huenda nusu ya tatizo la dada imo humo.

Sehemu kubwa ya maji ya ardhini hapa Unguja hutoka katika mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa tupu, na kwa hiyo ni maji magumu. Tazama ndani ya birika lako: kama kuna ukoko mweupe uliogandamana chini na kwenye mdomo wa birika, basi maji yako yana chokaa nyingi, na maji ya namna hiyo hufifisha rangi ya chai yoyote na kuipa uzito usiopendeza ulimini. Maji ya Japani kwa kawaida ni laini, na matcha imezoeana nayo. Njia rahisi ni kutumia maji ya chupa yenye madini machache. Njia nyingine ni kuyachemsha maji yako kwa dakika kadhaa, kuyaacha yatue, na kuyamimina yale ya juu taratibu bila ya kutibua, kwa sababu kuchemsha hulazimisha sehemu ya chokaa kujitenga na kubaki chini. Wakati wa mvua, wale wenye mapipa safi ya kukingia maji ya paa wanayo maji laini kuliko yote, mradi yachujwe na kuchemshwa kabla ya kunywewa. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai kabisa.

Sasa rangi. Kijani cha matcha hutokana na klorofili, nayo ina atomi ya magnesiamu katikati yake. Moto mkali na tindikali huiondoa atomi hiyo, na klorofili hubadilika kuwa kitu chenye rangi ya zeituni iliyofifia. Ndiyo maana maji ya kuchemka yanaiharibu, na ndiyo maana hata ndimu, ambayo sisi hatuwezi kuishi bila yake, huichujua rangi hiyo, na ndani ya kinywaji chenye maziwa huyakata. Anayetaka ndimu na aitie katika matcha ya baridi isiyo na maziwa, na anywe hapo hapo.

Inafaa pia kujua kwa nini unga huu ni wa kijani kiasi hicho. Mmea ni ule ule wa chai inayolimwa Mufindi, Rungwe na Usambara. Tofauti ni kwamba mashamba ya matcha hufunikwa yasipate jua kwa takriban wiki tatu au zaidi kabla ya kuchumwa. Katika kivuli jani huzidisha klorofili ili kuunasa mwanga mdogo uliopo, na theanini, ambayo ndiyo asili ya ladha yake tamu, haigeuzwi kwa wingi kuwa katekini zenye ukakasi. Baada ya kuchumwa majani hupitishwa kwenye mvuke upesi ili yasigeuke kuwa meusi, hukaushwa bila ya kusokotwa, huondolewa vikonyo na mishipa, kisha husagwa. Kitu kilichotunzwa mbali na jua na hewa tangu shambani hakistahimili kuachwa wazi jikoni.

Na hilo linanipeleka kwenye hifadhi. Maadui wa matcha ni mwanga, joto, unyevu, hewa na harufu. Gawa gramu zako 30 katika vyombo viwili vidogo visivyopitisha mwanga, kimoja ukitumie sasa na cha pili ukifunge na kukiacha ndani ya friji. Ukikitoa, usikifungue papo hapo. Kiache juu ya meza kikiwa kimefungwa mpaka kipate joto la chumba, kwani kopo la baridi likifunguliwa katika hewa yetu hutoka jasho ndani, na unga ukishalowa hauna dawa. Chombo kinachotumika kimalizwe katika muda wa mwezi mmoja hivi. Kijiko kiwe kikavu kila mara. Kwa wewe uliye Pemba naongeza jambo moja: msimu wa karafuu, majamvi yakianikwa uani na nyumba nzima ikinukia, funga kopo lako mara mbili na uliweke mbali, kwa sababu matcha hunyonya harufu ya jirani yake.

BiMwanakombo_Malindi

Mwanangu BintMkoani, mimi ndiye ninayetengeneza kwa tui kila mara, na wajukuu wangu hawataki namna nyingine. Tui linakubaliana na matcha kuliko maziwa ya unga, lakini usitumie kasimile, yaani tui zito la kwanza, peke yake. Mafuta yake ni mengi, huufunika ulimi na chai huisikii. Ikune nazi yako, ikamue tui la kwanza uliweke kando, kisha tia maji ya uvuguvugu ukamue tui la pili. Kwa kikombe kimoja chukua tui la pili mililita 150 na vijiko viwili vya kasimile, uchuje kwa kitambaa safi ili machicha yasibaki, kwa sababu punje ya chicha ndani ya kinywaji laini kama hiki inaudhi.

Lipashe kwa moto mdogo huku ukikoroga upande mmoja, na uliteremshe linapoanza kutoa mvuke, kabla ya kuchemka. Likichemka bila ya kukorogwa litakatika, na mafuta yatakwea juu yawe madoa madoa. Sukari au asali itie katika tui likiwa la moto, si katika matcha. Matcha ikoroge mbali kama alivyosema Mpishi, kwa kipimo cha kijiko na nusu, kwa kuwa tui hupunguza ukali, kisha mimina tui juu yake taratibu. Kwa baridi, pasha tui lako, ongeza sukari, liache lipoe, limimine juu ya barafu na uishushe matcha juu yake. Hukaa rangi mbili kwa muda, na watoto hupenda kuitazama.

Viungo tia kwa hofu. Punje moja ya iliki iliyopondwa ndani ya tui inatosha vikombe vinne, na kijiti cha vanila kilicholoweshwa katika tui ni kizuri zaidi. Tangawizi, karafuu na mdalasini viache kwa chai ya maziwa.

Na kama mgeni wako ni mtu mzima anayependa kahawa chungu, mpe matcha ya maji matupu isiyo na sukari, na halua pembeni. Wajapani wenyewe hula kitu kitamu kwanza ndipo wakanywa, na sisi tumezoea halua na kahawa tangu utotoni; nimewapa wazee wa hapa mtaani wakaipokea vizuri, hata wale ambao hapo mwanzo waliitazama rangi yake kwa mashaka. Tende pia inafaa.

MpishiWaPaje

Shikamoo Bi Mwanakombo. Kwa tui umenifundisha, hasa hilo la kuchanganya mawili. Kwa iliki naomba nitofautiane nawe kwa heshima: harufu ya matcha nzuri ni nyepesi mno, na iliki hata kidogo hufika puani kwanza. Kwa unga wa bei ya chini uliokwisha kupoteza harufu yake sina pingamizi, lakini kopo alilopewa dada, kama bado lina kijani kibichi, ningelinywa angalau mara ya kwanza bila ya kiungo chochote.

BiMwanakombo_Malindi

Marahaba mwanangu. Kwa kikombe cha kwanza nakubali. Kwa vile vya kila siku, nyumba ya Kiunguja bila ya iliki sijaiona.

MuuguziChake

Assalaamu alaykum. Naongeza upande wa afya, kwa kuwa watu wengi hukitaja kinywaji hiki kama dawa na kusahau kwamba ni chai yenye nguvu. Kwa sababu tunalinywa jani zima, gramu 2 za matcha hutoa kafeini ya takriban miligramu 40 hadi 80, kulingana na unga wenyewe, kiasi ambacho katika daraja za juu hukaribia kikombe cha kahawa. Mama mjamzito anashauriwa asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku kutoka vyanzo vyote, yaani chai ya asubuhi, kahawa na soda za kola vihesabiwe pamoja. Watoto wadogo sipendekezi wapewe kila siku, na Bi Mwanakombo ataniwia radhi. Wakipewa, iwe robo ya kijiko katika tui jingi, na iwe asubuhi.

Jambo la pili ni madini ya chuma. Chai ya aina yoyote inayonywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzwaji wa chuma kinachotoka katika mboga na nafaka, na hapa kwetu upungufu wa damu kwa akina mama si jambo dogo. Mnywe kati ya mlo na mlo, saa moja au mbili baada ya kula. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda azungumze na daktari wake kabla ya kuizoea, kwani majani ya kijani yana vitamini K.

Kwa Ramadhani, kumbukeni kwamba kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini. Anayeinywa saa mbili usiku baada ya tarawehe, ifikapo saa saba bado anayo nusu, naye anatakiwa kuamka kwa daku. Afadhali kikombe kidogo muda mfupi baada ya tende na maji, na futari yenyewe icheleweshwe kidogo, au kiachwe kabisa kwa yule mwenye usingizi mwepesi. Tumbo tupu kabisa nalo halipatani nayo, ndiyo maana tende zitangulie. Wengine huwapata kichefuchefu.

BintMkoani

Shukrani nyingi kwenu nyote, na Bi Mwanakombo shikamoo. Nimechekecha, nimetumia maji ya chupa kwa vile vipimo viwili kwa kimoja, na nimepiga kwa waya wa mayai. Povu limetoka, punje hakuna, na rangi imebaki kijani mpaka mwisho wa kikombe. Mama amekunywa ya tui na vanila na akaomba aongezewe.

Limebaki swali la kununua kopo jingine. Bei ninazotajiwa zinatofautiana sana, na dukani nimeoneshwa pia unga wa kijani wa bei nafuu ambao muuzaji anasema ni mamoja. Je, mtu anaweza kununua chai ya kijani ya majani ya kawaida akaisaga kwa blenda?

MpishiWaPaje

Dada, blenda haitakufikisha. Majani ya kawaida hayakukuzwa kivulini, na blenda huyapasha joto na kuyaacha na chembe kubwa zinazokwaruza kooni. Jiwe la kusagia matcha huzungushwa polepole ili jani lisipate moto, na jiwe moja hutoa takriban gramu 40 tu kwa saa. Hiyo ni sababu mojawapo ya bei yake. Sababu nyingine ni kwamba mahitaji yamepanda sana duniani, na tangu mwaka 2024 baadhi ya maduka ya zamani ya mji wa Kyoto, Japani, yamekuwa yakiwawekea wateja kikomo cha makopo.

Ukinunua, geuza kopo usome viambato. Pawe na kitu kimoja tu, chai ya kijani. Ukiona sukari au maziwa ya unga, hicho ni kinywaji kilichokwisha kuchanganywa. Tafuta jina la eneo la Japani, kwa mfano Uji, Nishio, Yame au Kagoshima, na tarehe ya kusagwa au ya mwisho wa matumizi. Neno la Kiingereza linalodai kuwa unga ni wa daraja la sherehe lisikushawishi peke yake, kwa sababu hakuna sheria inayolisimamia na kila muuzaji huliandika apendavyo. China nayo huzalisha matcha kwa wingi, na iliyo nzuri inafaa kwa vinywaji vya maziwa na tui kwa bei nafuu zaidi.

Muuzaji akikubali, chukua chembe kidogo uisugue kwa kidole juu ya karatasi nyeupe. Iliyosagwa vyema huacha mstari mrefu laini wa kijani kilichokolea na hunukia majani mabichi. Mbovu hukatika katika punje, ikiwa na rangi ya manjano na harufu ya nyasi kavu. Unga wa bei nafuu uliooneshwa huenda ukawa ni mlonge, ambao ni chakula kizuri lakini ni mmea mwingine kabisa na hauna ladha ya chai. Na kopo lako la sasa, likifika mwisho likiwa limepoteza rangi, usilimwage: vijiko viwili katika unga wa keki, au katika tui na sukari kabla ya kugandisha barafu za watoto, vitatumika vizuri, na hapo nakubali iliki ya Bi Mwanakombo.